Maisha ya Lakhdar Benkhelil na Namba Aliyoisoma Mwenyewe

Ndugu, majirani na rafiki wa Baba mliokuja kutufariji leo Ijumaa, siku ya tatu tangu tumzike, mimi ni Nouara, binti yake wa mwisho, na Mama ameniomba nisome historia hii kwa kuwa ndimi niliyeiandika, Baba akinieleza kitandani, nanyi naomba mnisikilize hadi mwisho, maana ndani yake kuna ombi lake.

Marehemu Lakhdar Benkhelil alizaliwa tarehe 3 Novemba 1957 huko Tolga, mtoto wa pili wa Hadj Amor na Bibi Ouarda, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kisha akaenda chuo cha ufundi Batna, alikohitimu uchomeleaji mwezi Juni 1976.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuchomelea mabomba ya mafuta Hassi Messaoud, na mwaka 1981 alipelekwa Algiers kwa miezi sita kujifunza kupiga picha za maungio ya mabomba kwa mionzi, ili ufa usioonekana kwa macho uonekane kwenye filamu, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitano, akipima kila kitu mara tatu, hata wenzake wakimtania, "Lakhdar, wewe ukipewa yai utalipiga picha kabla ya kulivunja."

Alimwoa Mama yetu, Mbarka, tarehe 21 Agosti 1986 hapa Touggourt, wakajaliwa watoto wanne, Amor, Saliha, Yazid na mimi niliyezaliwa mwaka 1991.

Jumanne tarehe 14 Machi 2006, saa tatu asubuhi, Baba alikuwa kazini na mwenzake aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na tisa, Ami Belgacem, ambaye ndiye aliyezungusha mpini wa kurudisha chanzo cha mionzi ndani ya kasha lake la madini ya risasi, naye akasema, "Lakhdar, mpini umekuwa mzito, sina hakika kama kimeingia." Baba akachukua mita ya kupimia mionzi iliyoletwa wiki ile, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, akasogea hadi hatua kama kumi kutoka kwenye bomba, akaona mshale umesimama kwenye mbili. Ami Belgacem alimwambia, "Pima tena, kaka, moyo wangu haujatulia," na Baba akamjibu, "Wewe na moyo wako mtatuchelewesha hadi tustaafu, ni mbili tu," akaitundika mita kwenye mlango wa gari, akaenda kufungua filamu kwa mkono wake wa kulia.

Mita ya zamani ilihesabu mionzi kwa milirem, na mbili ya milirem ni namba ambayo Baba aliizoea kama alivyozoea jua, lakini mpya ilihesabu kwa milisiveti, na milisiveti moja ni milirem mia moja, kwa hiyo mbili ile ilikuwa mia mbili, tena akiwa bado mbali, na alipofika kwenye bomba chanzo kilikuwa nje, karibu na vidole vyake.

Baada ya siku kumi na mbili mkono ulivimba na kutoka malengelenge, mwezi Mei akakatwa vidole viwili Algiers, na mimi nikaacha shule nikiwa na miaka kumi na tano ili nimsafishe kidonda, akawa ananifundisha hesabu za vipimo, nikikosea ananiambia, "Binti yangu, mwalimu wako angekusikia angeomba uhamisho," tukacheka wote wawili.

Ripoti ya ajali iliandika kwamba kosa ni la mtu wa mpini, Baba akaisaini kwa mkono wa kushoto, Ami Belgacem akanyang'anywa cheti chake, akarudi kutunza mitende ya mkwe wake, na sisi tukaacha kumsalimia, na Sikukuu ya Kuchinja ilipofika akatuletea sahani ya nyama, mimi mwenyewe ndiye niliyeirudisha mlangoni kwake nikamwambia, "Hatuli cha kwako."

Kuanzia Oktoba 2007 damu ya Baba iliishiwa nguvu, na tarehe 20 Januari mwaka huu aliniita, akaniambia, "Nouara, andika. Aliyesoma mbili ni mimi. Belgacem aliniambia nipime tena. Niliona aibu, mimi niliyewafundisha wenzangu kupima, kusema kwamba sikutazama kilichoandikwa chini ya namba." Akasaini, akaniusia niyasome mbele ya watu wote, na Jumatano tarehe 6 Februari 2008, saa moja asubuhi, Mwenyezi Mungu akamchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Algiers na Touggourt, majirani mliopika na kuleta maji, na wafanyakazi wenzake mliosafiri kutoka Hassi Messaoud.

Ami Belgacem, najua uko nje ukutani tangu asubuhi, kwa sababu nilikuona nilipokuwa nikitandika mikeka, nami nakuomba msamaha kwa sahani ile, na karatasi hii yenye saini ya Baba ni yako, uipeleke kwa waliokuvua cheti. Ami Tahar, wewe ni mdogo wake Baba na ndiwe uliyeapa kwamba hataingia humu, nakuomba, kwa heshima zote, ukamfungulie mlango wewe mwenyewe, ale nasi.

Baba, nimeyasoma yote, sikuruka hata mstari. Pumzika kwa amani.