Waliniita Muloji kwa Ajili ya Kifua cha Mume Wangu

Asifiwe Bwana, mwenye kutoa pumzi! Ndugu zangu, mimi ni Mama Kasongo, ninakaa Shituru, karibu na reli. Nimesimama kuwaambia namna Mungu alivyonivua jina baya. Jina hilo ni muloji, yaani mchawi.

Wengi mnamkumbuka mume wangu, Baba Kasongo. Alikuwa mtu wa nguvu, hakuwahi kuvuta sigara. Zamani za Wabelgiji, akiwa kijana, alichimba kwenye mgodi wa urani, ule wa mawe mazito ya njano. Mgodi ukafungwa, akaja kufanya kazi kiwandani hapa. Tukaoana, tukazaa, tukasahau habari za shimo lile. Miaka mingi ikapita, tukawa tunaitwa Wazaire, ndipo kifua kikaanza.

Kwanza kikohozi kikavu. Kisha damu. Akakonda hata suruali ikafungwa kwa kamba. Walimpa dawa za kifua kikuu, hazikusaidia kitu! Ndipo shemeji yangu mkubwa, Mutombo, akaja na watu wa ukoo, akasema mbele ya watoto:

"Muntu hawezi kukauka hivi bure. Mama Kasongo, weye muloji, njo weye unamukula. Utarudia kwenu. Batoto batabakia na sisi."

Ndugu zangu, nililia! Niliomba hata magoti yakavimba. Nawaambia ukweli, jibu halikuja. Lilikuja swali. Kama mimi ndiye ninayemla, wenzake aliochimba nao wana hali gani?

Swali hilo halikuniacha nile. Nikamwuliza mume wangu, akanitajia wawili. Nikapanda lori la makaa mpaka Kambove, kwa Mzee Mwape. Nilimkuta kwenye kiti mlangoni, anakohoa kikohozi kile kile! Hata kushika ubavu ni kule kule. Mke wake akanivuta pembeni, akasema chini chini, "Hata minye, banasema nilimuloga." Tukashikana mikono, tusijue tucheke au tulie. Kwa yule mwingine nilimkuta mjane peke yake. Mume alikwisha kufa, kwa kifua.

Nikasema, Bwana, sisi ni wanawake watatu wa makabila matatu, hatujuani. Huo uchawi mmoja tulijifunza wapi?

Nikaenda kwa daktari aliyempiga mume wangu picha ya kifua. Nilimweleza habari za shimo lile, nikamwuliza mpaka akasukuma karatasi zake kando, akavuta kiti.

"Mama," akasema, "urani inatoa miale, macho hayaioni. Na mu shimo kuko hewa yake, haina rangi, haina harufu. Muntu anaivuta pamoja na vumbi. Inaumiza mapafu kidogo kidogo, inanyamaza miaka mingi, kisha kansa inatokea."

"Na wale walichimba na hawagonje kifua?"

"Wako. Si bote banapata. Kwa nini huyu na si yule, hata sisi hatujue muzuri."

"Na minye ninalala naye, ataniambukiza?"

"Hapana, mama. Kansa haiambukize."

"Unaapa kama ni lile jiwe?"

Akafikiri. "Juu ya muntu mumoja siwezi kuapa. Lakini njo jiwe ninazania. Weye, hapana."

Nikamwomba aje ayaseme hayo nyumbani, akaja! Ukoo ulikuwa umekaa, mume wangu amelazwa kwenye mkeka katikati. Daktari akaeleza yote, akainua ile picha dirishani. Mutombo akaitazama sana. Nilingoja anitukane. Kumbe alimgeukia daktari.

"Dokta," akasema, "na minye nilichimbaka kule, musimu mumoja. Nitakufa?"

Hapo nikaelewa, ndugu zangu! Kama ni mimi, basi yeye yuko salama. Kama ni jiwe, basi liko hata kifuani mwake. Mtu huyu hakunichukia. Aliogopa! Hasira yote ikaniondoka, nikamwambia, "Yaya, kaka yangu, kesho tutaenda hospitali pamoja." Akakubali kama mtoto. Picha yake haikuonyesha kitu. Daktari alimwambia arudi kila mwaka, naye anarudi.

Mume wangu hakupona. Sitawadanganya. Alifia mikononi mwangu, mchana, anaimba nusu ya wimbo, na Mutombo ameshika miguu yake. Kwenye matanga ukoo mzima ulilia pamoja nami. Watoto wangu ni wale pale, kwenye benchi la pili.

Ndugu zangu, Mungu wetu hakasiriki akiulizwa. Mpelekee swali lako lote, halafu simama uende pale atakapokutuma. Na kama yuko mama hapa leo ambaye wamemwita lile jina, asiinamishe kichwa. Njoo, mama, ukae na mimi. Tutaomba, kisha kesho tutatoka pamoja, tukaulize.