Miaka Thelathini na Minne ya Kusoma Sahani: Bi Davlatbegim Qozibekova

Tarehe 31 Oktoba, Bi Davlatbegim Qozibekova, mpishi mkuu wa Hospitali ya Wilaya ya Sangob, atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aproni yenyewe ni ya sita, tano za mwanzo zimeishia kuwa matambara ya kushikia sufuria. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa jarida letu la watumishi, na najua kwa nini nimechaguliwa mimi. Hakuna daktari hapa aliyewahi kusahihishwa na jiko kama mimi.

Bi Davlat aliajiriwa kuosha vyombo akiwa na miaka ishirini na minne. Majira ya baridi ya tatu ya kazi yake, vita vilifunga barabara na bonde zima likaishi kwa unga wa msaada. Watu walikula mkate na chai, chai na mkate, kuanzia theluji ya kwanza mpaka maji yalipoanza kushuka tena mlimani. Mwezi wa Machi mama yake mzazi alianza kutoa damu kwenye fizi, miguu ikapiga weusi, meno mawili yakang'oka yenyewe katika mkate laini. Aliyemponya hakuwa daktari, kwa sababu hatukuwa naye. Alipona alipoanza kula majani mabichi ya kwanza ya masika, na Bi Davlat hakusahau.

Tangu hapo akaweka sheria ambayo wageni wa hospitali huiona kichekesho: hakuna sahani inayooshwa kabla yeye hajaitazama. Kila baada ya mlo husimama mbele ya sinia zilizorudi kutoka wodini, mikono nyuma, kama kamanda anayekagua gwaride. Anajua nani ameficha nyama chini ya viazi, nani amemgawia mgeni wake, nani anadanganya kwamba hana hamu huku akiletewa mikate ya nyumbani. Mganga mkuu wetu wa zamani alipokatazwa chumvi, ni sahani iliyomchongea, na alipigwa marufuku kuingia jikoni kwa mwezi mzima katika hospitali aliyoiongoza mwenyewe.

Hakuwaogopa wakubwa. Afisa mmoja wa kutoka mjini aliwahi kufunua sufuria yake bila kunawa mikono. Alijikuta uani, mlango umefungwa, shajara yake imebaki ndani, na ikabidi anawe mbele ya wagonjwa wote ndipo arudishiwe. Ripoti yake ilisema jiko letu lina nidhamu ya kupigiwa mfano. Sijui kama kulikuwa na neno jingine ambalo angethubutu kuandika.

Lakini ninalotaka kulisema hasa ni la masika ya miaka kumi iliyopita, na ni la aibu yangu.

Aliletwa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, Anzurat, siku ishirini na nne tangu ajifungue mtoto wa kike. Alikuwa dhaifu, hawezi kupanda ngazi. Muuguzi alipomfunua ili ampime, mapaja na mashavu ya miguu yalikuwa na mavilio makubwa, damu imevilia chini ya ngozi, mengine ya zambarau, mengine yameanza kuwa kijani. Mkononi lilikuwapo moja la ukubwa wa kiganja.

Nikamuuliza, "Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka, daktari. Yanatokea tu."

Kila daktari ameshasikia jibu la "yanatokea tu", na mara nyingi nyuma ya jibu hilo yupo mtu mwenye ngumi. Nilimwonea huruma sana na sikumwamini hata kidogo. Niliandika neno "kipigo" kwenye jalada lake, nikapiga mstari chini yake, nikapeleka barua kituo cha polisi. Siku hiyohiyo mumewe, Imatsho, fundi wa mifereji ya maji, alichukuliwa na kufungiwa. Sikumwagiza mtu apime damu. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu ilinipendeza.

Habari zikafika kwa kaka wawili wa Anzurat, wakaja na gari kumrudisha kwao. Kwetu mtoto ni wa nyumba ya baba. Anzurat akichukuliwa, kichanga cha siku ishirini na nne kingebaki, na kunyonya kungeishia hapo. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa akirudia jambo moja tu, kwamba hajapigwa, na kadiri alivyolirudia ndivyo sisi tulivyozidi kuamini kwamba amepigwa.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, Bi Davlat aliingia ofisini kwangu bila kubisha. Alikuwa na sinia. Aliiweka juu ya karatasi zangu.

"Daktari, miguu yake umeitazama. Mdomo je?"

"Bi Davlat, hilo ni suala la polisi."

"Polisi hawali kwangu. Huyu anakula kwangu. Tazama hapa."

Nilitazama. Palikuwa na mkate uliochimbwa sehemu yake laini ya ndani, ganda limebaki kama bakuli tupu. Kando yake kulikuwa na kabichi mbichi na viazi ambavyo havikuguswa. Kwenye kipande cha mkate uliotafunwa na kuachwa kulikuwa na doa la rangi ya waridi.

"Siku tatu anaacha ganda," alisema. "Mama yangu aliacha ganda akiwa na miaka hamsini. Huyu ana ishirini na miwili na meno yote thelathini na mawili. Mtu aliyepigwa miguu anatafunaje kwa uchungu? Nimemwambia acheke nione. Hakucheka, lakini nimeona. Twende."

Nilikwenda, na sitasahau nilichokiona. Fizi zilikuwa zimevimba, zambarau, laini kama sifongo, zinatoa damu kwa kuguswa tu. Vinyweleo vya miguuni vilikuwa vimejiviringisha, na kila kimoja kilikuwa na tone dogo la damu kwenye shina lake. Ni kiseyeye, ugonjwa ambao vitabu vyetu viliuweka kwenye kurasa za mabaharia wa zamani, nami niliusoma mara moja nikapita. Mwili usipopata vitamini iliyo katika matunda na mboga mbichi kwa miezi, kuta za mishipa midogo hulegea, damu ikavuja yenyewe. Haihitaji ngumi. Nilitamani sakafu ya wodi inimeze.

Tulimuuliza amekula nini tangu theluji ianguke. Jibu lilitolewa na mama mkwe wake, Bibi Laylimo, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido siku zote tatu na hakuna aliyemsalimia.

"Mtoto wake wa kwanza alikufa tumboni," alisema. "Huyu wa pili nikasema hapana, huyu atazaliwa. Tangu mimba ilipoonekana sikumpa kitu cha baridi. Viazi, kabichi, kitunguu, tufaha, vyote nilimkataza. Mkate, samli, mayai, mchuzi wa nyama, chai ya maziwa na siagi. Nyumba nzima imekosa samli kwa ajili yake. Arobaini ikiisha ndipo angekula chochote. Sasa mnasema tumempiga?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa ambalo hufanywa na nyumba yenye upendo tu. Yule mkwe alipewa kila kilicho bora, kwa miezi mitano, kwa mkono wa mtu aliyeogopa kumzika mjukuu mwingine. Kilichokosekana ni vile vidogo ambavyo watu wa bonde hili huvihesabu kuwa na asili ya baridi mwilini, hata vikichemshwa, na kuvitoa kwanza.

Dawa tulikuwa nazo, vidonge vichache katika stoo. Bi Davlat aliongeza chake. Kila nyumba ya Sangob imezungushiwa ua wa kichaka cha miiba ili mbuzi wasiingie, na kila vuli kichaka hicho hujaa matunda madogo ya rangi ya chungwa, makali kuliko siki, ambayo tuliwaachia ndege. Yeye alikuwa akiyakung'uta juu ya shuka yakishapigwa na barafu, akiyaponda mabichi na sukari, akiyaweka kwenye mitungi gizani. Tulidhani ni ushamba wake. Mitungi saba ilikuwapo siku ile.

Bibi Laylimo alikinusa kijiko cha kwanza akakisukuma. "Tunda. Ni baridi hilo, mwenzangu. Mkwe wangu yumo ndani ya arobaini."

Mimi ningetoa hotuba. Bi Davlat aliketi karibu naye, akasugua tunda moja kati ya vidole, akamwonyesha vidole vinavyong'aa.

"Mafuta haya, dada. Kitu chenye mafuta umewahi kusikia kikaitwa baridi? Onja, kama hakikuchomi ulimi nirudishie kijiko changu."

Mama mkwe alionja. Alilizungusha mdomoni, uso umekunjamana kwa ukali wa lile tunda. "Ni ya moto," alisema mwishowe, kama hakimu. Hukumu hiyo ilizunguka bonde zima kwa wiki mbili, na ikafanya kazi kubwa kuliko mabango yetu yote ya lishe.

Walibaki kaka wawili na gari lao. Mkubwa alikuwa mtu wa haki na hakuzungushwa na maneno. "Tukimwacha halafu tukasikia amepigwa kweli, nani atajibu?"

"Mimi," alisema Bi Davlat. "Jiko langu mnalijua lilipo. Nipeni siku saba. Mtoto yuko hapa, mama yuko hapa, nyinyi mko hapa, na chakula kipo. Alama mpya ikitokea, mchukueni, na mwiko wangu mnivunjie kichwani."

Wakakaa. Siku ya tatu fizi ziliacha kutoa damu. Siku ya tano Anzurat alipanda ngazi bila kushikwa. Siku ya saba mavilio yote yalikuwa yamepauka na hakuna jipya, na sahani ilirudi jikoni ikiwa tupu, ganda limeliwa. Kaka mkubwa aliomba aone ile sahani kwa macho yake. Kisha wakaondoka wao wawili tu, na mtungi mmoja.

Imatsho alikuwa ametoka kituoni kabla ya hapo, barua yangu ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza, ikiwa mkononi. Bi Davlat aliniambia barua haitoshi, niende nyumbani kwake. Nilikwenda. Alinikaribisha, akatandika kitambaa, akamimina chai, akaweka mkate mzima mbele yangu. Mwenye nyumba ndiye huumega, kuonyesha kwamba amempokea mgeni wake kwa moyo, kila mtu anajua. Hakuumega. Niliomba msamaha, nikanywa chai tupu, nikaaga. Sikumlaumu na simlaumu leo.

Tangu mwaka ule, wodi yetu ina maswali mawili kwa kila mwenye mavilio yasiyoelezeka: nani, na unakula nini. Tunafungua mdomo, tunapima damu, tunamhoji mgonjwa akiwa peke yake. Wala Bi Davlat hakuwahi kugeuka wakili wa wanaume. Vuli iliyofuata alilazwa mwanamke mwingine mwenye alama mkononi, naye aliapa kuwa zimetokea tu. Bi Davlat alikagua sinia, akanijia. "Amekula ganda, amekula kabichi, amekula mpaka makombo. Huyu andika, daktari, na upige mstari." Niliandika, na mara hiyo tulikuwa sahihi.

Jiko lake leo hutoa kijiko cha tunda la miiba kwa kila mzazi, tangu siku ya kwanza ya kulazwa. Wakunga wa vijiji kumi na mmoja wamejifunza kwake namna ya kuliponda bila kulichemsha. Katika miaka kumi tumepata wagonjwa watatu tu wa aina ya Anzurat, wote walitoka mbali, na wote waligunduliwa kwenye sahani.

Kila mwezi wa kumi Imatsho humletea Bi Davlat ndoo ya matunda hayo, imefunikwa kitambaa, jina lake limeandikwa kwa mkaa. Mara kumi nimepishana na ndoo hiyo kwenye korido. Wiki iliyopita dereva anayeileta alishusha mbili. Ya pili ilikuwa na jina langu. Nilidhani amekosea, nikafunua kitambaa. Juu ya matunda ulikuwapo mkate, nusu yake. Haukuwa umekatwa kwa kisu. Ulimegwa kwa mkono. Nilikaa chini palepale koridoni nikalia, na wauguzi wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Bi Davlat, kwa niaba ya watumishi wote wa Sangob, ahsante. Ahsante kwa uji, kwa makaripio, kwa sinia uliyoiweka juu ya karatasi zangu. Tunakuombea magoti yasiyouma, wajukuu wenye kelele, na miaka mingi ya kula chakula kilichopikwa na wengine. Siku ya sherehe nitakuja na ile nusu ya mkate. Tutaumega, mimi na wewe, na ganda tutalila lote.

Dkt. Mavluda Shohnazarova
Wodi ya Wazazi