Bi. Hellena Sikazwe na Kufuli la Chumba Namba Nne

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi. Hellena Sikazwe anatimiza miaka thelathini na tatu ya utumishi katika hospitali yetu na kustaafu kwa mujibu wa umri. Aliingia mwaka 1992 akiwa mpiga chapa, anatoka akiwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Katika miaka hiyo yote alichelewa kazini mara mbili, na zote mbili lawama ni ya ng'ombe waliokuwa wameshika barabara. Kamati ya jarida imemwomba fundi wa jenereta na magari aandike wasifu huu. Huenda kamati imesahau kwamba fundi huyo ndiye aliyebishana naye kuliko mfanyakazi mwingine yeyote.

Bi. Hellena ni mzaliwa wa Kaengesa, kwa wazazi waliolima mahindi na ulezi. Kompyuta ya kwanza ilipofika hapa mwaka 2004, ilikaa ndani ya boksi lake miezi minne, kwa kuwa kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Yeye alilifungua boksi, akasoma kitabu cha maelezo tangu jalada hadi jalada, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kusoma Mbeya. Aliporudi, mashine ya taipureta aliifunika kitambaa akaiweka juu ya kabati, na iko hapo hadi leo.

Mwaka 2011 mafaili ya wagonjwa yalihamishwa kutoka kwenye rafu na kuingizwa kwenye seva, ile mashine kubwa iliyoko Chumba Namba Nne. Bi. Hellena alitoa sharti moja: haingii hata jina moja kabla diski haijawekewa kufuli la maandishi ya siri. Mji wetu ni mdogo. Mtu akionekana kwenye benchi la kliniki fulani asubuhi, jioni wanaijua habari hiyo hadi mtaa wa Kizwite, na wengine wameshaiongezea chumvi. Ndani ya mafaili hayo mlikuwa na mambo ambayo wenyewe hawakuwaambia hata wake zao.

Jinsi kufuli hilo linavyofanya kazi, aliwahi kutueleza kwenye semina ya wafanyakazi, na mwandishi atajaribu kurudia bila kuharibu. Muuguzi akiandika faili, programu yake haijui lolote kuhusu siri. Maandishi hushuka hadi kwenye kiini cha mfumo, sehemu ya ndani kabisa inayosimama kati ya programu na vyuma. Humo, mlangoni pa diski, kuna tabaka linalokamata kila kinachopita. Tabaka hilo lenyewe halijui kuficha. Linaagiza tu kazi hiyo kwa watendaji wa kiini, kama mpishi wetu anavyoagiza unga stoo bila kuuliza umesagwa mashine gani. Wa chini kabisa ni mtendaji anayejua jambo moja: kuvuruga herufi kumi na sita kwa kutumia ufunguo, basi. Juu yake yuko mwingine anayejua kumgawia maandishi marefu kipande kwa kipande, na kuhakikisha kwamba vipande viwili vinavyofanana havitoki na sura moja. Wa juu hajui wa chini anavurugaje, na wa chini hajui kazi imetoka kwa nani. Kila mmoja akitimiza lake, faili hufika kwenye diski likiwa halisomeki.

Kilichomfurahisha yeye zaidi ni kwamba hakuna mtendaji anayepewa kazi kabla ya mtihani. Kiini humpa swali ambalo jibu lake linajulikana tayari; akikosea, hatumiki. Bi. Hellena aliuchukua utaratibu huo na kuufanyia makarani wapya. Alitunga mgonjwa asiyekuwepo, akamwita Romani Mtihani, mkazi wa Namanyere, kilo sitini na mbili, na kila karani mgeni ilimpasa amwandikishe bila kosa. Faith, ambaye sasa anachukua nafasi yake, alirudia mara tatu. Siku moja Romani alisahaulika kwenye foleni, na muuguzi Monika akamwita korido nzima kwa sauti, kisha akaandika kwamba mgonjwa ametoroka matibabu.

Utaratibu huo pia ulimwokoa mwaka 2014. Baada ya mfumo kufanyiwa maboresho, seva ikawa nzito kama gari lililopandishwa mlima na gia ya nne, na foleni ya mapokezi ikafika nje. Wote tulisema ni lile kufuli. Bi. Hellena akaenda Chumba Namba Nne. Alifungua orodha ambayo kiini hutunza, yenye jina la kila mtendaji, kipaumbele chake na matokeo ya mtihani wake. Akakuta kwamba yule mwenye kasi, anayetumia sehemu maalumu ndani ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, hakuwa ameamshwa, na kiini kilikuwa kimempa kazi mwenzake wa kawaida, mwaminifu lakini mwendo wa kobe. Akamwandika kwenye orodha ya wanaoamshwa mapema, akazima, akawasha. Foleni ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Sasa yafuata yale ambayo mwandishi angependa kuyaruka. Ufunguo wa kufuli hilo hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine wakati imewaka tu. Umeme ukikatika, ufunguo unapotea, na seva ikiwashwa husubiri mtu aandike nywila upya. Waliokuwa na nywila ni wawili, Bi. Hellena na Sista Stefania, mkuu wa hospitali, ambaye mara nyingi huwa safarini. Betri ya akiba ilikuwa imechoka, na umeme wa mjini mnaujua. Fundi aliwasha jenereta ndani ya dakika mbili na kujivunia hilo, halafu hospitali nzima ikakaa ikimsubiri Bi. Hellena aje na baiskeli yake. Alikataa katakata kuiandika nywila kwenye karatasi. Mwanzoni mwa Aprili 2017 fundi aliandika barua ya kuomba kufuli liondolewe, akapata sahihi kumi na moja, na hoja ikapangiwa kikao cha Jumatatu, tarehe kumi.

Jumapili yake ilikuwa ya Matawi. Tukiwa kwenye maandamano na makuti yetu, mtu alivunja dirisha la Chumba Namba Nne akaondoka na seva.

Hapa sitaendelea kujiita mwandishi. Faili langu lilikuwa kwenye mashine hiyo, na sikujua kama kufuli hufanya kazi mashine ikishabebwa. Nilirudi nyuma ya chumba cha kufulia, nikajificha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Akilini nilimwona mke wangu akisimuliwa na majirani jambo nililokuwa najiandaa kumwambia mwenyewe kwa mwaka mzima. Na barua ya kuondoa kufuli ilikuwa mfukoni mwangu, kwa mwandiko wangu.

Nilipojikaza kwenda, Bi. Hellena alikuwa anaongea na mlinzi, Mzee Nestory. Hakuuliza mwizi alikuwa nani. Aliuliza kuhusu waya. Mzee Nestory akamwonyesha waya wa umeme ukiwa sakafuni, umeng'olewa.

"Basi imejifunga," alisema. Akanigeukia, sijui kwa nini mimi. "Wamebeba bati tu, Kaka Wilibrodi. Hakuna atakachosoma mtu."

Usumbufu ule ule niliouandikia barua ndio uliofanya kazi. Mwizi alipong'oa waya, aliiacha mashine kama umeme unavyoiacha kila wiki: bila ufunguo. Kesho yake kikaoni hoja iliondolewa na mleta hoja. Nakala ya akiba, nayo ikiwa na kufuli lake, ilirudisha mafaili yote kwa siku tatu. Wiki ya tatu seva ilipatikana Namanyere kwa fundi redio aliyeinunua bila kujua, akahangaika nayo siku nne, kisha akaifanya kigoda. Tulipoiwasha bado ilikuwa inaomba nywila.

Mke wangu nilimwambia mwenyewe, mwezi uliofuata, kwa maneno yangu. Ugonjwa wenyewe si habari ya jarida hili. Bi. Hellena angeweza kufungua faili lolote siku yoyote, na sijui kama aliwahi kulisoma langu. Ninachojua ni kwamba hakuwahi kuniangalia tofauti.

Ijumaa iliyopita alikabidhi ofisi. Alitueleza kwamba nywila haifungi mafaili; inafunga ufunguo mkubwa, na kila mtunzaji ana nafasi yake mwenyewe ya kuufikia. Faith aliweka nywila yake sisi tukiwa tumegeukia ukutani. Kisha, mbele ya Sista Stefania na mimi, Bi. Hellena akaifuta nafasi yake mwenyewe. Akazima mashine, akaiwasha, akaandika nywila aliyoitumia miaka minane tangu siku ya Matawi. Ikamkataa. Akajaribu tena, taratibu, herufi kwa herufi, ikamkataa tena.

"Imefaulu," alisema, akachukua mkoba wake.

Bi. Hellena, asante. Kwa niaba ya waliotia sahihi wote kumi na moja, na yule wa kumi na mbili aliyeandika barua, tunaomba radhi pia. Uende salama Kaengesa; mvua iwahi, ulezi wako ukubali, na wajukuu wakuletee simu zao uwatengenezee. Ukiugua, usisite kuja. Faili lako nalo limo Chumba Namba Nne, wewe mwenyewe huwezi tena kulifungua, na hakuna atakayelisoma asiyestahili.

Wilibrodi, Jenereta na Magari