Mwanamke Mwenye Mlango Mgongoni: Shukrani kwa Papa Mushagalusa

Mheshimiwa Bourgmestre, uliyeacha kazi nyingi za mji ili uketi nasi, Ma Sœur Emérence, mkuu wa lycée yetu, waalimu wetu wapendwa, wazazi mliopanda vilima vya Bukavu kwa miguu leo asubuhi, wanafunzi wenzangu, na zaidi ya wote wewe, Papa Mushagalusa, ambaye kwa ajili yako viti hivi vimepangwa: nawasalimuni kwa heshima.

Mimi ni Nabintu, wa mwaka wa tano. Hotuba za lycée husomwa kwa Kifaransa, lakini Papa Mushagalusa aliomba hii isomwe kwa Kiswahili, ili mtu yeyote asihitaji kuelezwa. Ni ombi la ajabu kutoka kwa mtu ambaye kazi yake imekuwa kueleza.

Ni nani hapa asiyeijua kazi hiyo? Kwa miaka ishirini na mmoja, kila Jumapili alasiri, mapazia ya ukumbi huu yalipofungwa na projecteur, mashine ya filamu, ilipoanza kunguruma, Papa Mushagalusa alisimama kando ya kitambaa cheupe na fimbo yake, akatuambia tunachokiona. Filamu zilisema Kifaransa, naye akazisemesha Kiswahili, na Mashi, lugha ya vilima vyetu, pale mambo yalipokuwa magumu. Wakati wa vita ya mamluki aliifunga projecteur ndani ya gunia, akaifunika kwa majani ya maharage jikoni mwake, na vita ilipokwisha akairudisha bila hata kioo kimoja kupasuka. Na kila filamu, iwe ya mtakatifu, ya mbu au ya mbio za baiskeli, aliimaliza kwa fundisho. Tulitoka hapa tukijua ni nani aliyekuwa mwema, ni nani aliyekuwa mbaya, na sisi tufanye nini.

Lakini leo sitaki kumshukuru kwa filamu alizotueleza. Nataka kumshukuru kwa ile moja aliyoshindwa kutueleza. Papa, usiiname. Wewe mwenyewe uliniruhusu.

Ilikuwa wiki tatu zilizopita, Jumapili ya wazazi. Filamu ilitoka Ulaya katika boksi la chuma, na ndani yake hapakuwa na maneno, muziki tu. Mwanamke anaamka asubuhi akiwa na mlango mgongoni, mlango mzima wa mbao, wenye kitasa. Anatoka nao mjini. Watu wanaugonga, naye anapiga magoti ili waingie: bwana mwenye kofia, watoto watatu, shangazi mwenye mbuzi. Wanaingia na hawatoki, na kila anapoinuka anainuka kwa shida zaidi. Anafika ziwani. Mvua inatoka majini na kupanda mbinguni. Pale anafungua kamba ya mlango, anaushusha kutoka mgongoni, anausimamisha mchangani, anaugonga yeye mwenyewe. Anafunguliwa na mwanamke mwenye uso wake. Wanatazamana kwa muda mrefu sana, kisha anaingia, mlango unafungwa, na yanabaki maji peke yake.

Nanyi mliokuwapo mnakumbuka tulivyoelezwa. Tangu picha ya kwanza Papa Mushagalusa alituambia kwamba mwanamke huyo ameiba mlango na polisi wanamfuata. Bwana mwenye kofia akawa polisi. Shangazi akawa polisi aliyejificha katika nguo za kike, na mbuzi ni wa kumdanganya mwizi. Tukawangoja. Filamu ilipofika ziwani bado tulikuwa tunawangoja, fimbo ikiwa imeinuliwa tayari kutuonyesha watatokea wapi, na kitambaa kikawa cheupe.

Ndipo Mama Colombe, anayeuza sabuni Kadutu, akauliza kutoka safu ya nyuma, bila kupaza sauti sana:

"Papa Mushagalusa, polisi yako iko wapi?"

Tulicheka, hata Ma Sœur alicheka. Papa aliwasha taa. Aliilaza fimbo sakafuni, akasema maneno ambayo miaka ishirini na mmoja haikuwahi kuyasikia katika ukumbi huu.

"Nimekosea. Filamu hii sikuielewa tangu mwanzo, nilikuwa nasema tu. Sasa ninyi muniambie. Muliona nini?"

Je, tulikuwa tumewahi kuulizwa? Mwanzoni hakuna aliyethubutu, kisha wote walithubutu pamoja. Mwalimu Donatien alieleza kwamba mwanamke yule ni nchi yetu, ambayo mwaka huu imejitafutia jina lake na kujiita Zaïre, na mlango ni mambo yote ya zamani ambayo wengine walituwekea mgongoni. Alipigiwa makofi. Mzee Cirhuza, katekista, alisema ile ni toharani, na mbuzi ndiye anayethibitisha, ingawa hakutuambia kwa namna gani. Wasichana wa mwaka wa nne walisema amezama ziwani, na wawili kati yao walilia. Papa Philémon alisema kama mwanamke yule angekuwa mke wake angemrudisha kwao siku hiyo hiyo, yeye na mulango wake. Mama Colombe akamuuliza kama na wale watoto watatu walio ndani ya mulango atawarudisha, ama atawalisha yeye. Kisha akasema kwamba kwake yeye shida ya filamu ni nyingine: kamba ya mlango imepita shingoni, na mtu yeyote anayejua kubeba anajua kwamba mugozi, ile kamba ya kubebea, unapita kwenye paji la uso. Aliyetengeneza filamu hajabeba kitu maishani mwake.

Hapo ndipo mkono mmoja ulipoinuka kule dirishani, walikosimama watu waliokosa viti. Alikuwa mwanamke mwenye kitenge cha kazi, na alama ya mugozi bado ilikuwa nyekundu kwenye paji lake la uso. Kwa kuwa siku ilikuwa ya wazazi, Ma Sœur alimuuliza kwa upole yeye ni mzazi wa mtoto gani.

Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili. Nilitazama viatu vyangu.

Mwanamke yule alipitisha macho yake juu ya vichwa vyetu vyote, na juu ya kichwa changu hayakusimama.

"Mimi ni mupita njia, Ma Sœur. Nilisikia muziki."

Ma Sœur alisita. Papa Mushagalusa akasema kwamba hata mpita njia ana macho mawili, aachwe aseme. Naye akasema. Wengi wenu mlimsikia, lakini nayarudia kama alivyoyasema, kwa sababu sijapitisha siku moja bila kuyasikia tena.

"Mimi nabeba vitu ya watu. Mihogo, saruji, yote. Ukibeba kila siku, unasahau kama na wewe mwenyewe uko na uzito. Halafu unaweka muzigo chini, na mwili unapanda, unapanda kama unataka kuruka. Unashangaa. Unasema, kumbe niko. Ndiyo sababu ile mvua inapanda. Yule mama hakufa. Aliweka chini, akajiona."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Colombe alisema tu kwamba ni vile, ni vile kabisa. Na kabla viti havijapangwa, mpita njia alikuwa amekwenda.

Jumatatu, baada ya masomo, nilikwenda kwenye chumba kidogo ambamo Papa alikuwa akizungusha filamu kwa mkono ili irudi katika boksi lake. Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Hakunigombeza. Aliendelea kuzungusha.

"Jana nilisema nimekosea, mbele ya watu mia tatu," aliniambia. "Nilifikiri nitakufa na haya. Leo asubuhi nimekula bugali, na imeshuka vizuri. Shika hapa, mutoto wangu, filamu isiguse chini."

Ndiyo yote aliyosema. Nilishika. Ninawauliza ninyi waalimu wetu, mnaotufundisha kwa bidii tusikosee: je, kuna somo tulilohitaji zaidi ya hilo? Mtu mwenye mvi, mwenye fimbo, ambaye mji mzima ulimwamini, alikubali kuwa mjinga mbele yetu kwa robo saa, na katika robo saa hiyo watu ambao hatukuwahi kuwasikia walisema.

Papa Mushagalusa, unakwenda kupumzika kwenu Luvungi. Wanafunzi tulipanga kukupa blanketi zito la sufu, mpaka Ma Sœur alipotukumbusha joto la bonde la Ruzizi, kwa hiyo tumekununulia mwavuli mkubwa mweusi. Utakukinga na jua shambani. Tunakushukuru kwa Jumapili zote, kwa sauti yako iliyopotea mara nyingi kwa ajili yetu, kwa projecteur uliyoificha wakati wengine walikuwa wanaficha mali zao. Na mimi nakushukuru kwa Jumatatu moja.

Sasa nina neno kwa wenzangu wa mwaka wa tano. Tangu mwaka wa kwanza niliwaambia kwamba mama yangu ni fundi wa kushona huko Bunyakiri, na kwamba njia ni mbaya ndiyo maana haji. Si kweli. Niliwadanganya kwa miaka minne. Naomba mnisamehe.

Nilipochaguliwa kusoma hotuba hii, nilimwomba mama yangu aje. Akaniuliza:

"Nikifika kwa mulango ya shule, niseme mimi ni nani?"

Nilimjibu: "Useme jina yako, mama, halafu useme jina yangu."

Mheshimiwa Bourgmestre, Ma Sœur, mabibi na mabwana: mama yangu anaitwa Domitille. Anabeba mihogo kutoka Mumosho hadi soko la Kadutu, na kwa mihogo hiyo mimi nimesoma Kifaransa, hesabu, na hotuba hii. Ni yeye aliyetueleza filamu. Alisema anapita njia kwa sababu aliona ninavyotazama viatu vyangu. Leo amesema majina mawili pale mlangoni, naye ameketi safu ya saba, karibu na Mama Colombe, na kitenge chake ni kipya.

Papa Mushagalusa, safari yako iwe njema. Na ninyi nyote mlionipa masikio yenu muda wote huu, asanteni sana. Karatasi yangu imekwisha, na pale safu ya saba naona wamenisogezea nafasi. Ninakwenda kukaa na mama yangu.