Mkono wa Obiero kwenye Drafti

Pale Nyamasaria, Kisumu, ukutani kwa posho mill, kinu cha unga, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Hapo Dorca huuza kahawa, na hapo Obiero alitawala drafti ya vifuniko vya soda miaka kumi na mbili. Mwezi wa Februari kiharusi kikamlaza mkono wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Lakini benchi halikumtupa, hata! Obiero huonyesha kwa kidevu, na kabla hajainua hata mkono wa kushoto, rafiki yake Okinyi, mwenye bodaboda, humsukumia kifuniko. Kila Alhamisi Okinyi huyo huyo humpeleka mjini kwa Daktari Manpreet kudungwa zile sindano nyembamba za Kichina, akupancha. Leo walikuwa wametoka huko, na mkono bado ulikuwa umelala kwenye paja.

— Leo amedungwa ngapi? akauliza Wanyonyi, fundi wa stima, ambaye kila mtu humwita Transfoma.

— Kumi na nne, Okinyi akasema.

— Ndiyo maana! Hiyo ni kidogo. Mwili ni waya tu, bwana. Stima ikipotea nyumba nzima, utagusa soketi moja? Adungwe hamsini.

— Hamsini! Unataka kumfanya chujio? Dorca akamwinulia Obiero kikombe mdomoni. — Shida ni baridi ya ziwa. Inaingia kwa hayo matundu, inalala kwa mfupa. Akitoka kudungwa afunikwe blanketi.

— Na hili jua la Kisumu? Transfoma akaruka. — Utampika!

— Afadhali apikwe.

— Sikizeni, Transfoma akashusha sauti. — Katito kuna mtu ana mizinga. Nyuki mia moja kwa huo mkono! Hiyo ni sindano na dawa yake ndani, na nyuki hana foleni.

Hata Obiero alicheka, kwa upande mmoja wa uso.

Okinyi hakucheka. Alikuwa anakumbuka maneno ya Manpreet mwezi wa Machi: sindano inasaidia mazoezi, haichukui nafasi yake. Jumanne mazoezi, Alhamisi sindano. Jumanne mbili alimpeleka. Dada anayesimamia mazoezi akamwambia Obiero aokote maharagwe moja moja kwa mkono ule, na mzee mzima akalia mbele ya watu. Okinyi, wewe! Ulishindwa kuvumilia kutazama. Jumanne ya tatu akasema pikipiki imeharibika, na ya nne pia, mpaka hakuna aliyeuliza tena. Alhamisi ziliendelea, maana kwenye sindano Obiero hulala tu, tena husinzia.

Hapo akaja Rachael, mpwa wa Obiero aliyefika asubuhi hiyo kutoka Nakuru, kumwita mjomba wake akale. Akasimama kutazama mchezo. Obiero akainua kidevu, Okinyi akasukuma. Kidevu tena, Okinyi akasukuma.

— Samahani wazee. Nyinyi humsukumia kila siku?

— Kila siku! Transfoma akajigamba. — Hapa hawezi teseka, mama.

— Na kikombe pia?

— Mimi humnywesha mwenyewe, Dorca akasema.

— Sasa huo mkono, Rachael akauliza kwa upole, bila kumlaumu mtu, — huwa unafanya kazi saa ngapi?

Dorca aliweka kikombe chini. Transfoma akamtazama Okinyi, na Okinyi akatazama vifuniko. Ilikuwa Oktoba. Jumanne zote hizo!

Obiero aliusogeza mkono wa Okinyi pembeni. Kwa mkono wa kushoto akaubeba wa kulia, akauweka juu ya ubao. Vidole vikasukuma. Kifuniko kikasogea nusu ya mraba, kikakwama kwenye mstari. Transfoma akanyoosha mkono akiweke sawa.

— Wacha, Okinyi akasema. — Bado anacheza.

Kisha akamgeukia rafiki yake.

— Obiero, nisamehe. Pikipiki haikuwa imeharibika.

Obiero alitafuta maneno. Yalichukua muda, na safari hii hakuna aliyemsaidia.

— Nili... jua, akasema. — Na nika... shukuru. Yale... maharagwe.