Gesualdo Wawili

Kwenye basi la kutoka Caltanissetta, mbele yangu alikaa bwana mwenye mvi na bahasha ya nakala za vyeti vya zamani, na kando yake bibi mmoja mwenye maua mapajani. Hawakujuana, lakini kwetu Sicilia hilo halizuii mazungumzo.

"Miaka mitatu namtafuta Gesualdo, babu wa babu yangu," bwana akamwambia. "Leo kanisani wamenionyesha kitabu. Alizikwa mwaka 1861, akiwa na miaka miwili."

Bibi akamtazama toka juu hadi chini. "Na wewe umetoka wapi basi, mwanangu? Kwenye jiwe?"

Nikakohoa ili nisicheke.

"Rudi ufunue kurasa zinazofuata," bibi akasema. "Mtoto akifa, anayezaliwa baada yake anapewa jina lilelile. Ni jina la babu, haliachwi kaburini. Huyo uliyemkuta ni kaka wa huyo unayemtafuta."

Bwana akashusha pumzi, akatoa mchoro wa ukoo wake na kumkata kwa mstari yule mtoto aliyemwandika leo.

"Sasa mbona unamfuta?"

"Hakuzaa, bibi. Hapa nawaandika waliozaa."

"Jina alipewa yeye kwanza. Mrudishe."

"Gesualdo wawili nyumba moja? Watu watanicheka."

"Waache wacheke."

Basi likasimama makaburini. Bibi akainuka taratibu, akiyakinga maua yake yasibanwe mlangoni.

"Mimi ni Crocifissa wa pili," akamwambia. "Wa kwanza yuko hapa. Jina lake nimelitumia miaka themanini na moja, angalau nimletee maua."