Bi. Hajira na Redio ya Mitundu

Tarehe 30 Juni 2004 Bi. Hajira Mselemu anaweka bisibisi chini, baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu hapa Singida mjini. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne kati ya hiyo, na mpaka leo bado namshangaa.

Mwaka 1985 alianza na kutengeneza redio. Biashara huria iliporuhusiwa nchini, paneli za umemejua zikajaa madukani, na watu wakazifunga wenyewe kwa waya za spika. Hapo kazi ikamwangukia. Chuo cha umeme hakukiona. Alijifunza kwa kufungua, kuuliza na kukataa kudanganywa. Kule Mtinko tulikagua betri ya nyumba moja iliyokuwa haijai, hadi tukachoka. Yeye alipanda ngazi tu, akakuta mlenda umeanikwa juu ya paneli. Akamweleza mama mwenye nyumba kwamba kifaa hicho kinakula jua, mboga hakijaanza.

Lakini la Machi 1996 sitalisahau. Nyumbani kwa muuguzi Yustina, Mitundu, tulikuwa tumefunga paneli ya kuendesha redio ya upepo, ambayo kijiji kizima kiliitegemea kuita gari la hospitali. Ikawa inapokea vizuri, ila ukibonyeza kuongea, inazima. Nilitumwa mimi. Nikapima betri, volti kumi na mbili na ushee, nikaandika kuwa redio imekufa.

Bi. Hajira hakuridhika. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, mimi nikimbebea begi. Tukamkuta Luciana, mkulima wa palepale, ana uchungu tangu jana yake, na mkono wa mtoto umetangulia. Bila gari tungewapoteza wote wawili.

Bi. Hajira alimwomba Yustina abonyeze kitufe tena na tena, huku akipitisha vidole kwenye waya taratibu, kama anayechambua mchele. Nyuma ya kabati akasimama. Maungio yalikuwa ya moto. Chini ya tepu nyeusi waya zilisokotwa ovyo, zimeota kutu ya kijani. Mita yangu haikuona kitu kwa sababu nilipima redio ikiwa imetulia, na kuongea ndiko kunakovuta umeme mwingi. Akazikwangua, akapasha chuma kwenye jiko la mkaa, akazichomelea. Yustina akaita, hospitali ikajibu. Gari lilifika saa kumi alasiri, na Luciana akajifungua salama. Mtoto, Elina, yuko darasa la pili.

Kwenye kitabu cha kazi aliandika kwamba maungio yalilegea na yamerekebishwa. Mkuu wa karakana akauliza nani aliyafunga. Akasema hajui.

Alijua vizuri sana. Niliyafunga mimi, nikikimbilia basi la kurudi mjini. Miaka minane hajanitajia hata mara moja. Alichofanya ni kunisimamisha kando yake kila Jumatatu, nikasokota na kuchomelea waya mpaka mkono ukazoea.

Bi. Hajira, leo nalisema mbele ya wote. Ahsante kwa Luciana na mwanawe, na ahsante kwangu. Mungu akupe afya na mapumziko mema, mama yangu. Kosa lile lilikuwa langu.

Antipasi, fundi